Kisanduku cha Saba

Kisanduku cha saba kina mistari mitatu.
"Eleza kwa nini huwezi kuendelea kuishi nyumbani."
Mistari mitatu, na kalamu imefungwa kwa uzi
isije ikaibwa.

Iestyn Prydderch, miaka kumi na saba na miezi miwili,
amekaa mbele yangu ofisini Rhyl,
mvua ya Machi inamtiririka kisogoni
na miguuni pake mifuko miwili myeusi, ile ya taka,
imevimba nguo.
Mmoja umetoboka. Soksi inachungulia.
Anairudisha ndani kwa kidole, kama mtu
anayemnyamazisha mtoto kanisani.

Anaandika. Anakata. Anaandika.
Nje shakwe wanagombea karatasi ya chipsi.
Sitazami saa. Nimejifunza kutotazama saa.

Anachokisukuma upande wangu wa meza ni maneno manne:
"Ufunguo wangu haufungui tena."

Sheria inataka zaidi. Inataka tarehe,
inataka jina la aliyebadili kitasa,
inataka barua ya mama kwamba ni kweli, hamtaki,
kana kwamba mama anaweza kukaa mezani
akayaandika hayo, akalamba bahasha, akabandika stempu.
Nampigia. Simu inaita hadi inachoka.
Mara ya tatu anapokea kwa sauti ya chini,
sauti ya mtu aliyejifungia msalani:
"Mwambie koti lake la baridi liko kwa jirani,
kwa Olwen. Mwambie na..."
kisha sauti ya mwanamume, kisha kimya.

Namwambia kuhusu koti.

Mwenda kwao si mtumwa.
Na asiye na kwao, Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini,
ofisi ikifungwa saa kumi na moja?
Nina orodha. Hosteli ya Abergele imejaa.
Ya Colwyn Bay ina kitanda, ila ni cha waliotimiza kumi na minane.
Bado miezi kumi. Anasema anaweza kungoja,
na kwa mara ya kwanza anacheka,
nami nacheka, Mungu anisamehe.

Chini kabisa ya orodha yuko Bwana Hefin,
dereva wa treni aliyestaafu,
mwenye chumba kitupu tangu mwanawe aolee Kanada.
Hupokea kijana kwa usiku mmoja, miwili ukizidi.
Hana haja na kisanduku cha saba. Anauliza:
"Anakula uyoga?"

Usiku mmoja ukawa kumi na tisa.
Bwana Hefin aliniambia: mvulana analala na viatu.
Baadaye: analala na kiatu kimoja,
sijui cha pili walikosana nini.
Baadaye hakuniambia tena, nami sikuuliza.

Mei tukapata chumba Mtaa wa Gwynfa:
jiko la plet mbili, dirisha linalotazamana na ukuta,
friji yenye kikohozi. Nikampa ufunguo.
Akanitoa nje kwa adabu, akafunga.
Akafungua. Akafunga. Nilisimama koridoni
nikisikiliza kile kitasa kikimtii.
Ule wa zamani bado ulining'inia kwenye pete yake.
Hilo sikulisema.

Wiki ya pili, saa tano usiku, simu ya dharura.
Jina lake kwenye kioo. Moyo ukanishuka;
kazi hii hukufundisha kutafuta viatu
kabla ya kusema haloo.

"Samahani," alisema. "Mapipa.
Hutolewa nje siku gani?"

Jumanne, nikamwambia. La bluu wiki hii,
la kijani wiki ijayo. Kabla ya saa moja asubuhi,
na ufunge mfuko vizuri,
la sivyo shakwe watakutawanyia mtaa mzima.

"Jumanne," akarudia polepole,
nami nikamsikia akiandika.